Aspirini ya Shangazi
Shangazi yangu wa Ujiji, mwenye miaka 74, alikuwa akimeza aspirini kila siku kwa sababu tu jirani yake aliandikiwa na daktari. Utafiti wa ASPREE, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, ulionesha kwamba kwa wazee wasio na historia ya ugonjwa wa moyo wala kiharusi, dawa hiyo haikurefusha maisha yasiyo na ulemavu, bali iliongeza hatari ya kuvuja damu nyingi. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo ni habari nyingine kabisa, na asiiache bila kumwona daktari. Shangazi (mbishi kweli) alikubali kwenda kliniki, vidonge vikiwa vimefungwa kwenye pindo la khanga, na swali la kwanza la daktari lilihusu vidonda vya tumbo.