Soko la maua Guangzhou kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na mmea wa kwetu niliokutana nao huko

Wale mnaofuata mzigo Guangzhou mnajua, wiki za mwisho kabla ya mwaka mpya wa Kichina mji unaanza kufunga, viwanda vinasimama, wafanyakazi wanarudi mikoani kwao, ukichelewa kupakia ndo basi mpaka wafungue. Mimi nilikuwa huko Februari 2024, mwaka mpya wao ulikuwa tarehe 10, mzigo ushaondoka ila ndege yangu ya kupitia Addis bado, basi mwenyeji wangu, dada mmoja wa Tanga anafanya uwakala pale mtaa wa Xiaobei, akaniambia mdogo wangu usikae hotelini unalala tu, twende ukaone maua.

Tukapanda metro, laini 5 kituo kimoja alafu laini 2 mpaka Gongyuanqian, ukitoka nje tu unakutana na barabara ya Xihu imefungwa magari, mabanda pande zote na watu wamebanana, wazee, watoto wamebebwa mabegani, kila mtu ana ua mkononi. Soko lenyewe ni la siku chache tu, linakwisha usiku wa kuamkia mwaka mpya. Watu wa Guangzhou wanasema usipopita mtaa wa maua hujauanza mwaka.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni ule mti wa vichungwa vidogo, wameukata umbo la pia iliyogeuzwa, matunda yamejaa mpaka majani yanatafutwa. Kwa Kikantoni jina lake linakaribiana na bahati, kwa hiyo mabenki, maduka, mahoteli wanaweka miwili miwili mlangoni na kuning'iniza bahasha nyekundu. Dada akanifundisha kuchagua: usichukue ulioiva wote, tafuta wenye matunda ya njano na mabichi kwa pamoja na majani yamekolea, maana yale mabichi ndo riziki inayokuja. Na usile, yanapigwa dawa sana yakae mpaka sikukuu ipite. Mingi inatoka Shunde, sio mbali na hapo.

Alafu kuna matawi ya mpichi, marefu kuliko mtu, wanaume wanayabeba begani wanaingia nayo hadi kwenye metro. Hayo ni ya mambo ya mapenzi, mwenye kutafuta mchumba anaweka sebuleni na wengine wanalizunguka kabisa. Sharti ununue likiwa na vichomozo vingi havijafunguka, maana linatakiwa lichanue siku yenyewe. Na ua la nargisi hivyo hivyo, linaota kutoka kwenye mizizi mfano wa vitunguu, na vitunguu vyake vinavyosifika ni vya Zhangzhou kule mkoa wa Fujian, wanaviweka kwenye bakuli la maji na kokoto, hali ya hewa ikiwa baridi wanavisogeza juani, joto likizidi wanavirudisha kivulini, yaani mtu anacheza na siku mpaka ua lifunguke asubuhi ya mwaka mpya. Kwa kweli niliwaheshimu sana kwa hilo.

Kuna tunda moja la njano lina chuchu chuchu, mara nyingi tano, wanasema ni vizazi vitano kwenye nyumba moja. Nikaliangalia nikaona hili si ndugu yake ndulele! Na kweli ni ukoo mmoja, nalo lina sumu, ni la kutazama tu.

Kesho yake tukaenda Fangcun, kule ndo jumla. Hapo nikaona ule unaoitwa mianzi ya bahati, wenye shina linalojizungusha, kumbe sio mwanzi kabisa, asili yake ni Afrika, maeneo ya Kameruni, siku hizi unalimwa kwa wingi Zhanjiang, huko huko mkoa wa Guangdong ulipo mji wa Guangzhou. Lile shina linapindishwa kwa mwanga, wanaliziba upande mmoja likaufuata upande wenye jua, wanageuza tena na tena, kazi ya miezi mingi. Unauzwa mashina 3, 5 au 8, manne hakuna atakayekuuzia kwa sikukuu, maana nne kwao ni namba ya mkosi.

Sasa pembeni yake ndo nikasimama mbele ya mmea mmoja. Majani manene yanang'aa, yamejipanga pande mbili za shina, umefungwa riboni nyekundu na vipande vya dhahabu ya karatasi. Wanauita mti wa pesa, majani wanayaona kama sarafu. Mimi huu naujua, ni Zamioculcas zamiifolia, kwao ni huku kwetu, kuanzia Kenya kushuka Tanzania mpaka Afrika Kusini, unaota msituni kwenye mawe na kivuli, chini una viazi vinavyotunza maji ndo maana ukiusahau miezi haufi, na jani moja likianguka kwenye udongo linaweza kutoa mche mpya. Waholanzi ndo walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 ukasambaa dunia nzima. Nilishaununua Dar na muuzaji akaniapia kwamba ni ua la Ulaya, iliniuma, na pale Fangcun ikaniuma zaidi, maana yule mama muuzaji aliufuta vumbi jani kwa jani.

Dada akamwambia kwa Kichina kwamba mti huu ni wa nyumbani kwetu. Mama akaacha kazi, akamwita mume wake, wakaanza kuuliza, huko unakuwa mrefu kiasi gani, watu wanauweka mlangoni? Dada akamjibu ukweli, unaota wenyewe tu na watu wanaupita. Mama hakuamini, akamuuliza tena.

Mkienda msimu huo, nendeni Xihu usiku wa mwisho kama mnataka bei, inashuka kweli kwa sababu mabanda lazima yabomolewe. Ila mmea usitie kwenye begi, bila cheti cha afya ya mimea na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, utaishia uwanja wa ndege.