Kumi juu, kumi chini

Juzi binti yangu alizunguka bustani ya shosho yake, yaani mama yangu, kule Komarock, Nairobi, kisha akaja jikoni na swali: mbona shosho ana kila aina ya maua isipokuwa mawaridi? Kweli hana. Bogenvilia imelala juu ya geti mpaka dereva wa basi la shule hulalamika. Kana nyekundu zimepanga mstari kando ya mtaro, na jeraniamu zimejaa kwenye mikebe ya Kimbo na mitungi ya mafuta iliyokatwa katikati. Waridi hata moja hakuna. Nilimwambia amuulize mwenyewe, nikaendelea kukaanga kitunguu huku mawazo yamekwisha kufika Uholanzi.

Mnaomjua mama mnajua kwamba kabla hatujahamia Nairobi alifanya kazi Naivasha, kwenye shamba moja la mawaridi. Jina la shamba niliache. Hakuwa mkataji. Yeye alikuwa bandani, kwenye meza ya kuchambua: nyofoa majani ya chini, pima shina, sentimita hamsini huku, sitini kule, funga shada la mashina 20, kumi juu, kumi chini, viringishia karatasi ngumu ya boksi, tia ndooni. Baridi ya banda lile anailaumu hadi leo goti likimuuma. Kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tumejijibu zamani: mama hapandi mawaridi kwa sababu yalimkinaisha.

Ndiyo maana kaka yangu, yule wa Utrecht, aliposema mwaka 2017 kwamba anatuita sote Uholanzi tukaone maua, niliguna. Maua tena? Lakini tikiti alikuwa ameshakata. Habari za viza, bima na barua za benki nazipita, zitanipandisha presha bure. Makoti tulinunua Gikomba, soko la mitumba, na sina shaka mengine yalikuwa yanarudi kwao.

Keukenhof ndiyo iliyotupeleka. Ni bustani iliyoko Lisse, hufunguliwa majira ya kuchipua tu, tangu katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, na kila vuli hupandwa humo vitunguu vya maua (si vya kula, ni vya kuotesha maua) kama milioni 7, kwa mkono. Mama alitembea, akapigwa picha mbele ya tulipu za zambarau, akakubali kwamba ni pazuri. Kisha akauliza wanaovipanda hulala wapi. Dukani alishika mfuko wa vitunguu vya tulipu, muuzaji akamweleza kwamba bila baridi ya wiki nyingi havitoi ua. Nairobi ingebidi viwekwe kwenye friji, tena mbali na matunda, maana hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huliua ua lingali ndani. "Friji yangu ni ya maziwa na sukuma," mama akasema, akaurudisha mfuko. Na hata angenunua, KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, wasingevipitisha bila kibali.

Kesho yake kaka akatuamsha usiku wa manane, au ndivyo nilivyoona mimi, ili saa moja asubuhi tuwe Aalsmeer, kwenye mnada wa maua. Jengo lile lina zaidi ya hekta 50 chini ya paa moja. Wageni hupita juu, kwenye daraja refu la ndani, na chini yako troli zimeunganishwa kama behewa, zinavutwa huku na huku, ndoo kwa ndoo. Kwenye ukumbi wa mnada kulikuwa na saa kubwa ukutani. Bei huanza juu na kuteremka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayechukua. Kwetu mnada wa ng'ombe hupanda; huu hushuka, na anayengoja sana hurudi mikono mitupu.

Mama hakuwa akitazama saa. Alikuwa ameegemea chuma cha daraja, shingo nje, na troli la mawaridi mekundu lilikuwa limesimama chini yake.

"Hayo ni yetu," akasema.

Kaka akamuuliza amejuaje, maana maandishi hayakusomeka kutoka pale. Mama akaonyesha karatasi ya boksi iliyoyafunika. Halafu nikaona vidole vyake. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikiteremka kwenye kile chuma kwa pamoja, vikifika chini vinapanda tena, jinsi mtu anavyonyofoa majani ya shina. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

"Tazama lile la pembeni. Limefunguka mno. Lingenipitia mimi, lisingefika huku."

Alilitazama shada moja moja. Alisifu mawili, akalaani la tatu kwa sababu yale mawaridi kumi ya juu hayakuwa sawa. Troli lilipovutwa akalifuata kwa hatua juu ya daraja mpaka likakata kona.

Ndipo akauliza bei. Kaka akasoma kwenye skrini: senti 27 za yuro kwa shina, kama shilingi thelathini hivi. Mimi na kaka tukatazamana. Tulikuwa tumejiandaa kwa hasira, au machozi, tukikumbuka mshahara wa miaka ile. Mama akapiga hesabu zake, midomo ikicheza: ndege, lori la baridi, boksi, dawa.

"Kumbe na tajiri naye alikuwa akipigwa," akasema, akacheka mpaka Mzungu mmoja akageuka.

Tangu hapo lile jibu letu la kukinai halisimami vizuri. Mtu aliyekinai hafuati troli. Jirani yake aliambiwa ni vidukari, pasta akaambiwa ni miiba, na kaka hushikilia kwamba tulimtonesha kidonda kumpeleka kule. Mimi sioni kidonda, ila sina jibu lingine la kumpa binti yangu.

Kaka amealika tena, na safari hii anataka kumpeleka baharini. Mama anamwita Baba kwa kuwa amebeba jina la babu, kwa hiyo hata kumkatalia humkatalia kwa heshima. "Baba, bahari iko Mombasa," alimjibu kwenye simu. "Kama ni kule mnadani nitakuja. Lakini waambie safari hii wanishushe chini."