Kumbukumbu ya mradi wangu: sato, mboga na maji ya magadi ya Meru

Kumbukumbu hii inahusu mwaka wa kwanza wa mfumo wangu wa akwaponiki, yaani wa kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale, ulioko uani nyumbani kwangu kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Nimeipanga kwa kufuata mambo zaidi kuliko tarehe, kwa sababu jambo lililotawala mwaka mzima ni moja tu, nalo ni maji. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu ambao maji yao yana pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya 7, yaani katikati, au karibu na hapo. Maji ya kisima chetu yalipopimwa yalisoma 8.5, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nioteshe nini, nianze lini na nijaze tanki kwa maji gani.

Ujenzi

Tanki la samaki ni lile la plastiki nyeupe lenye fremu ya chuma, la lita 1,000, lililokuwa limebeba mafuta ya kula. Anayenunua tanki lililokwishatumika ni lazima aulize lilibeba nini, kwa kuwa yapo yaliyobeba viuatilifu, na hayo hayafai hata yakioshwa namna gani. Matanki mengine mawili ya aina hiyo yalikatwa katikati yakatoa vitanda vinne vya kuoteshea, kila kimoja kikiwa na eneo la mita ya mraba 1.2 na kina cha sentimita 30 za kokoto. Chini kabisa kuna tanki la kukusanyia maji lililozikwa nusu ardhini. Pampu inakaa humo, ili vitanda vinapojaa ule upungufu wa maji utokee huko na si kwenye tanki la samaki.

Kila kitanda kina sifoni ya kengele, kifaa ambacho fundi bomba wetu alikitilia shaka mpaka alipokiona kikifanya kazi. Ni bomba la kusimama la PVC, lenye urefu unaoishia sentimita 5 chini ya uso wa kokoto, lililofunikwa kwa bomba pana zaidi lililozibwa juu na kutobolewa chini. Maji hupanda polepole mpaka yafike kwenye mdomo wa lile bomba la ndani, huanza kumwagika kidogo kidogo, kisha ghafla hewa yote hutolewa na kitanda kizima hunyonywa kwa mkupuo mmoja wenye mlio wa kukoroma. Maji yakiisha, hewa huingia kwa chini, mnyonyo hukatika, na kitanda huanza kujaa upya. Kwa njia hiyo mizizi hupata maji na hewa kwa zamu bila swichi wala saa. Zile sentimita 5 za juu hubaki kavu daima, na hilo lina faida mbili: mwani wa kijani hauoti juu ya kokoto, na maji ya samaki hayagusi majani ya mboga zitakazoliwa.

Kokoto nilizotumia ni zile nyepesi zenye matundu za volkano, ambazo huku kwetu si tatizo kuzipata. Kabla ya kuzinunua nilitumbukiza chache kwenye glasi ya siki nyeupe nikaziangalia kwa karibu. Zile za machimbo ya kwanza zilitoa viputo vidogo vilivyopanda mfululizo, dalili kwamba zina chokaa itakayoendelea kuyeyuka na kuipandisha pH bila kikomo, hivyo niliziacha. Za machimbo ya pili zilitulia kimya kwenye siki, mbali na povu la hewa iliyokuwa imenaswa kwenye matundu.

Kwa nini maji yetu ni kazi

Miamba ya Meru ni ya volkano yenye sodiamu nyingi, na maji yanayopita humo hubeba bikaboneti ya sodiamu, yaani aina ya magadi inayoipandisha pH, pamoja na floraidi. Habari ya floraidi haihitaji maabara kwa mkazi wa huku, maana inaonekana kwenye meno ya kahawia ya waliokunywa maji hayo utotoni, na ndiyo sababu kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikishughulikia kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika mfumo uliofungwa, ambamo maji huondoka kama mvuke na chumvi zikabaki, kujazia maji ya kisima kila mara ni kuzilimbikiza chumvi hizo. Floraidi hujikusanya zaidi kwenye mifupa ya samaki kuliko kwenye mnofu, lakini sikuona sababu ya kuiongeza kwa makusudi.

Tatizo la haraka zaidi lilikuwa amonia. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua, nayo huwa majini katika sura mbili: moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu kali. Kwenye nyuzi 25, maji yenye pH ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika ile sura ya sumu; kwenye pH ya 8 ni kama asilimia 5; kwenye 8.5 hufika asilimia 15. Kipimo kilekile cha amonia ambacho mfugaji wa mahali pengine angekisoma na kuendelea na shughuli zake, kwangu kingeua samaki.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa kuwa jibu la maumbile kwa tatizo hili liko jirani. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya wanaishi perege wadogo, Alcolapia grahami, ndani ya maji yenye pH ya karibu 10, na ndugu zao wako Ziwa Natron upande wetu. Kwenye maji ya namna hiyo amonia haitoki mwilini kirahisi, hivyo samaki hao wa Magadi hutoa taka zao kwa sura ya urea. Sato wangu hawana uwezo huo, na kazi yote ilibidi nifanye mimi.

Masika: kuanzisha bakteria

Niliusubiri msimu wa masika kwa makusudi. Gata za paa la mabati ziliunganishwa na tanki kubwa la plastiki, na mvua za kwanza, zenye vumbi na kinyesi cha ndege, ziliachwa ziende bustanini. Baada ya hapo nilijaza mfumo kwa sehemu tatu za maji ya mvua na sehemu moja ya maji ya kisima. Maji ya mvua matupu yangekuwa kosa la upande wa pili, kwani hayana kabisa kinga ya kuzuia pH isianguke.

Samaki hawakuwekwa kwanza. Chakula cha bakteria kilikuwa mbolea ya urea, chembe chache kwa wakati, ambayo hugeuka kuwa amonia majini. Ndoo ya kokoto zenye utelezi kutoka bwawa la rafiki yangu ilileta mbegu ya bakteria wenyewe. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, akina Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mmea huitaka. Vipimo vya matone vilionyesha mambo hayo kwa mpangilio wake: amonia ilipanda ikashuka, nitriti ikapanda na kuganda juu kwa muda uliochosha subira, kisha rangi ya zambarau kwenye kichupa ikafifia hadi samawati, na nitrati ikaonekana. Siku dozi ya urea iliyotiwa asubuhi ilipokuwa haisomeki asubuhi iliyofuata, niliagiza vifaranga.

Samaki

Niliweka vifaranga 40 vya sato, madume pekee, kwa sababu majike yakichanganyika nao huzaana mapema na tanki hujaa samaki wa kiganja wasiofaa kitu. Hesabu ya 40 inatokana na lengo la kilo 20 za samaki kwenye lita 1,000, na ni kikomo ninachokiona cha busara kwa mtu asiye na jenereta. Umeme ukikatika, pampu ya hewa huendelea kwa betri inayochajiwa na paneli ndogo ya jua. Pampu kubwa ya maji ikisimama kwa saa chache mboga haziathiriki, ila samaki bila hewa hawasubiri.

Sato si samaki wa asili wa bonde la Mto Pangani, ambako maji yetu yote hatimaye huelekea, naye akitoroka huzaliana na perege wa huko na kuchafua mbegu yao. Kwa hiyo bomba la ziada la mfumo wangu limeelekezwa kwenye migomba, na wavu mdogo umefungwa mdomoni mwake. Mfereji wa jirani uko karibu zaidi, lakini siutumii.

Chakula ni vidonge vinavyoelea, vyenye protini asilimia 30. Miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hupendekeza gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Kwa vitanda vyangu vyenye jumla ya mita 4.8 hiyo ni gramu 200 hivi, na naona ni afadhali kuanza na hesabu hiyo kuliko idadi ya samaki, kwa kuwa ni chakula kinacholisha mboga, na samaki ni njia yake.

Juni na Julai

Baridi ya Arusha huwashangaza wageni wanaodhani nchi za tropiki hazina baridi. Maji alfajiri yalisoma nyuzi 17, wakati sato hupenda 27 hadi 30. Samaki walishuka chini wakatulia, na bakteria nao hupunguza kasi sana katika joto la namna hiyo, kwa hiyo kulisha kwa kawaida kungekuwa kurundika amonia. Nilipunguza chakula hadi chini ya nusu na kukitoa saa nane mchana tu, maji yakiwa yamepata jua. Tanki lilizungushiwa majani makavu ya migomba yaliyoshikiliwa kwa magunia, na juu yake ikawekwa nailoni ya kitalu nyumba. Majani hayo hayana gharama na yaliongeza nyuzi 2 hadi 3 za alfajiri. Hakuna samaki aliyekufa, lakini hakuna aliyekua pia.

Mboga ndizo zilizoonyesha dalili wakati huo. Majani machanga ya chainizi yaligeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, jambo ambalo ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma huwa kidogo kwenye chakula cha samaki, na pH ikizidi 7.5 hicho kidogo nacho hugandana hadi mizizi isikipate. Niliongeza chuma cha aina ya EDDHA, ambacho hustahimili maji yenye alkali. Hupaka maji rangi nyekundu kama ya juisi ya rosela, na majani yaliyochipua baadaye yalikuwa ya kijani.

Agosti hadi sasa

Joto liliporudi, pH ilianza kushuka yenyewe, na hapa ndipo mradi ulipogeuka. Kilo moja ya chakula changu ina gramu 48 za nitrojeni, na kila gramu ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati hula takriban gramu 7 za kinga ya alkali, ikihesabiwa kama kalisi kaboneti. Mfumo unaolishwa vizuri hujitia tindikali kila siku. Kutoka 7.8 tuliteremka hadi 6.9, na tangu hapo maji ya kisima, yale niliyoyakimbia mwanzoni, yamekuwa dawa: ndoo moja huinua pH kwa upole kuliko kemikali yoyote ya dukani. Siyategemei peke yake kwa sababu ya sodiamu, ambayo mboga hazina haja nayo. Mara nyingi hutumia chokaa kidogo iliyokorogwa kwenye maji, inayoleta kalisi, kwa kupokezana na maji ya majivu yaliyochujwa, yanayoleta potasiamu. Magadi ya dukani, ambayo jirani zangu hunipendekezea kwa moyo mwema, yangeleta sodiamu tupu.

Vitanda viwili sasa vina chainizi, kimoja mnafu na kimoja sukuma wiki. Nyanya nimeziacha, kwani zinadai potasiamu nyingi kuliko majivu yangu. Mama mmoja jirani alikuja kuchuma mnafu, akaunusa kwanza.

"Mwanangu, hizi hazina shombo?"

"Hazina, mama. Taka za samaki zinageuzwa mbolea kwanza ndipo mizizi inazinywa."

Alichuma fungu moja kwa uangalifu wa mtu anayejaribu. Siku hizi huja na kikapu.

Sato wakubwa wamefika gramu 300. Kabla ya vuli nitaongeza tanki la pili la maji ya mvua, kisha nitoe robo ya maji ya mfumo kwenda kwenye migomba ili kupunguza sodiamu iliyojikusanya, na kupima floraidi kwenye maabara kabla na baada ya hatua hiyo.