Kompyuta yangu mpya ilikuwa inazima usiku, si mchana

Kila niliyemsimulia alinijibu neno moja kabla sijamaliza: joto. Mdogo wangu, jirani anayecheza gemu, kijana wa dukani Kariakoo aliyeniuzia kasha, wote walikuwa na jibu hilohilo. Joto, dada. Dar hii, ulitegemea nini? Na mashine ilikuwa ya moto kweli, ukiweka kiganja juu ya kasha unakitoa mwenyewe. Ndiyo maana ugonjwa wa pili ulipata pa kujificha.

Nahariri video za harusi na send-off. Wateja wangu wanataka kazi kabla shangazi hajapanda basi kurudi mkoani, kwa hiyo laptopu ya zamani ilipoanza kuchukua usiku mzima kutoa video moja, nikaamua kuunga mashine ya mezani. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Ryzen 5 5600 na feni yake ndogo iliyokuja kwenye boksi, RAM ya GB 32, kadi ya grafiki RTX 3060, SSD mbili. Kasha lina kioo upande wa mbele na taa za rangi ambazo sikuziomba, na ndani yake lilikuja na powasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme wa ukutani kwa vifaa vya ndani, iliyoandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Kuunga kulikwenda vizuri, iliwaka mara ya kwanza, Windows ikaingia, nikafungua programu ya kuhariri video, DaVinci Resolve, nikaanza kazi.

Ikawa inazima. Haikuleta skrini ya bluu wala onyo lolote, haikukwama hata kidogo. Video ikianza kurenda, yaani kompyuta ikianza kuitoa ikiwa imekamilika, dakika chache tu, giza, halafu feni zinaanza upya na mashine inajiwasha.

Tuanze na joto, maana nalo lilikuwa na hoja. Nyumba yetu iko Kivule, paa la bati, chumba cha kazi hakina kiyoyozi. Januari saa nane mchana kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 33. Ukiingia mtandaoni unakuta watu wanaandika kuwa prosesa hii kwa feni hii inakaa nyuzi 70 na kitu, unajiona wewe una tatizo kubwa. Lakini wengi wao wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoivuta. Inachoamua feni ni pengo tu kati ya hewa ya chumbani na prosesa. Pengo la nyuzi 50 kwao linatoa 72, kwangu linatoa 83, na feni ni ileile, imefungwa vilevile. Kwa hiyo siku hizi nikipima naandika namba mbili, ya chumba na ya prosesa, kisha natoa. Namba moja peke yake haina maana kwa mtu wa Pwani.

Yangu ilikuwa 87 wakati wa kurenda. Hapo pengo ni 54, siyo zuri, na mwisho wa prosesa hii uliowekwa na watengenezaji ni nyuzi 90. Kosa lilikuwa la kasha. Kioo cha mbele kimebana kiasi kwamba feni tatu za nyuma yake zinavuta hewa kupitia upenyo mwembamba wa pembeni. Nilikivua kioo chote nikakiweka juu ya kabati, prosesa ikashuka hadi 79 bila kununua kitu. Halafu nikaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikashusha kikomo cha umeme wa prosesa kutoka wati 76 hadi 60. Ikashuka tena, 72, na kurenda kukaongezeka muda mdogo ambao hata shangazi hawezi kuulalamikia.

Bado ikazima.

Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza ushauri nikaanza kuweka kumbukumbu. Programu ya HWiNFO ina kitufe cha kuandika vipimo vyote kwenye faili kila baada ya sekunde mbili. Niliiacha iandike, mashine ilipozima nikaenda kusoma mstari wa mwisho kabisa. Prosesa 68, kadi ya grafiki 61. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Na hata kingekuwa kinaungua, prosesa za siku hizi zikifika kikomo hupunguza kasi zenyewe kwanza. Ungeona kazi inazorota, gigahezi zinashuka. Kuzima ghafla ni uzio wa mwisho, na yangu haikuwa hata karibu na uzio wa kwanza.

Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ilikuwa na mistari myekundu ya Kernel-Power, namba 41. Wengi wakiona neno "power" wanakimbilia kununua powasaplai. Mstari huo hauna uhodari kiasi hicho. Unasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, basi. Kilicho na faida ni kuufungua na kuangalia namba ya kosa iitwayo BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa lake, na mara nyingi hilo linaelekeza kwenye umeme au vifaa kuliko programu. Yangu ilikuwa 0 kila mstari. RAM niliipima kwa MemTest86 usiku kucha ikapita bila kosa hata moja.

Kilichonifungua macho ni safu ya saa. Nilipanga matukio yote, na karibu yote yalikuwa kati ya saa moja na saa nne usiku. Mchana wa jua kali, chumba nyuzi 33, mashine inarenda harusi nzima pamoja na hotuba ya mshenga. Usiku upepo umeingia, chumba nyuzi 28, inakufa. Joto gani hilo linaloogopa mchana?

Nikamwita fundi umeme wa mtaani. Sikumwambia habari za kompyuta, nilimwomba apime soketi tu. Saa saba mchana mita ilisoma voliti 221. Akarudi saa mbili na nusu usiku, watu wamerudi makwao, pasi, friji na pampu za maji zote zinakula: 178. Akaniambia, "Dada, hapa mko mwisho wa laini, umeme ukifika kwenu umechoka. Friji lako lingekuwa na mdomo lingekushtaki."

Nikafungua kasha, nikamulika ubavu wa powasaplai kwa tochi ya simu. Chini ya zile wati 600 kuna maandishi madogo: ingizo 200–240V, yaani inahitaji voliti 200 hadi 240 kutoka ukutani.

Ndani ya powasaplai, umeme wa ukutani kwanza hugeuzwa kuwa wa mkondo wa moja kwa moja (DC) na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Kwa powasaplai za bei rahisi zisizo na sakiti ya kurekebisha ingizo, voliti 230 zinajaza kapasita hadi kama 325, lakini 178 zinaishia kwenye 250 hivi. Ni kama tenki la juu ya mnara lililojaa nusu: bomba moja likifunguliwa hujui, yakifunguliwa yote kwa pamoja, la mwisho linakohoa. Na kurenda ndiko kufungua yote kwa pamoja, kwa sababu RTX 3060 peke yake inaruhusiwa wati 170 na huwa inaruka ghafla kutoka kupumzika hadi kazi kamili. Kapasita inashindwa kushikilia, voliti za ndani zinashuka, powasaplai inaondoa ile ishara inayoiambia madabodi, lile bao kuu linalounganisha vifaa vyote, kuwa umeme uko sawa, na madabodi inajiwasha upya. Prosesa haijatokwa hata na jasho.

Sikununua kwanza. Jirani wa gemu ana powasaplai ya wati 650 yenye ingizo la 100–240V. Tuliitoa kwake tukaifunga kwangu, tukasubiri saa tatu usiku. Mita ilisoma 180. Harusi nzima ikatoka, na kitchen party juu yake. Kesho yake nikaenda mjini nikiwa nimeshika simu yenye picha ya ile lebo, na kila powasaplai niliyoonyeshwa nilisoma mstari wa ingizo kabla ya kuuliza wati. Muuzaji mmoja aliniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Jambo la pembeni, lakini msilipuuze: voliti zikishuka, mkondo unaongezeka. Mashine inayovuta wati 300 inakula ampea 1.3 kwenye voliti 230, na 1.7 kwenye 178. Ekstensheni yangu nyembamba ilikuwa inapata moto kwenye plagi. Sasa kompyuta iko moja kwa moja ukutani.

Kasha bado halina uso. Vumbi la barabara ya Kivule halikuchelewa kuligundua hilo, hivyo nimefunga kipande cha neti ya dirishani mbele ya feni kwa sumaku ndogo. Prosesa imepanda nyuzi tatu, nazivumilia. Neti naing'oa kila Jumamosi naikung'uta nje.

Mdogo wangu anataka tubadili feni ya prosesa iwe kubwa zaidi. Sina kinyongo, ila mwenye madabodi ya soketi AM4 kama yangu, soketi ikiwa ni mahali prosesa inapokaa, asiivute feni mashine ikiwa baridi. Grisi ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni ikikauka inashika, na prosesa inaweza kung'oka na feni, pini zote zikiwa hewani. Iache ifanye kazi ipate moto, izime na kuchomoa waya, fungua skrubu nne kwa zamu, halafu zungusha feni kushoto na kulia taratibu mpaka uisikie imeachia. Futa grisi ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Yetu tutaifanya hizi harusi za mwezi huu zikiisha.