Mafuta ya Mjomba

Jana mwanangu kaonja juisi ya dukani, kakunja uso: "Mama, hii imechakachuliwa." Neno kalitoa wapi sijui, maana lilipovuma yeye alikuwa hajazaliwa. Nilicheka, kisha nikamkumbuka Mjomba na machungwa yake.

Ilikuwa 2010, kampeni bado hazijapamba moto. Tulipakia Muheza, tukajaza dizeli kwenye kituo ambacho sitakitaja, na kabla ya kufika Mkata pikapu ikaanza kukohoa. Ikazima. Kusukuma, kutafuta fundi, kuvutana bei, hayo mnayajua.

Ninachokiona hadi leo ni vidole vya yule fundi. Alifungua filta, akakinga mafuta kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, akachovya kidole gumba na cha shahada, akavisugua taratibu mbele ya pua ya Mjomba. Dizeli, alisema, inateleza na utelezi wake haukutoki upesi. Akanipa nami nijaribu. Ngozi ilikauka palepale, na harufu ilikuwa ya koroboi kabisa.

"Mzee, umeuziwa ya kuchakachua. Wamechanganya na mafuta ya taa. Haya hayalainishi pampu, inajisaga yenyewe."

Mjomba alinusa. Akageuka kuyatazama machungwa yanavyopigwa na jua, akanusa tena.

Pampu ilikufa, na machungwa mengi tuliyauza palepale barabarani kwa bei ya kutupa.

Mpaka hapo neno lilikuwa la mafuta tu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba likawa la kila mtu: kura zimechakachuliwa, matokeo yamechakachuliwa, hata wachumba wa watu walichakachuliwa. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, nao toka Septemba mwaka huo walikuwa wameanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta ili wezi wajulikane. Wizi wenyewe ulinoga kwa sababu kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, basi bajeti ya 2011 ikaipandisha ili bei yake ikaribie ya dizeli. Kwenye makaratasi, dawa nzuri sana.

Bibi, ambaye umeme aliuona kwa jirani tu, alirudi kutoka dukani na kichupa chake cha mafuta ya taa nusu. Mjomba akamweleza kwamba bei imepandishwa kwa ajili ya wachakachuaji.

"Mimi nimechakachua nini, mwanangu?"

"Si wewe mama, ni wenye vituo."

"Basi si wapandishiwe wao?"

Mjomba, ambaye pampu mpya alikuwa bado anailipia kwa mkopo, akasema serikali ina wataalamu wake.