Taa tatu kwenye dashibodi

Dereva alipomaliza kueleza shida yake, fundi wangu hakufungua boneti. Alimwuliza jambo moja: "Kaka, gari likizima lenyewe na ufunguo hujaugusa, ile taa nyekundu ya betri inawaka au haiwaki?"

Dereva alifikiri kidogo. "Haiwaki. Pale mbele kunakuwa kimya kabisa. Hata geji ya mafuta inalala."

"Na taa kubwa?"

"Taa kubwa zinawaka vizuri. Honi inalia."

Nilikuwa mwanafunzi wake wakati ule, najifunza umeme wa magari, na nilimwona akitabasamu. Gari lilikuwa la dizeli, silinda sita, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, limefanyishwa kazi porini miaka mingi. Kwenye lami halikuwa na neno. Likiingia barabara ya vumbi, hasa ile iliyojikunja kama bati, au likilalia upande mmoja kwenye korongo, injini inakata ghafla. Baada ya muda, likipigwa stata, linawaka bila kutengenezwa chochote, na linaweza kwenda siku nyingi halisumbui. Katika kuhangaika huko alishabadilishiwa chujio la dizeli, kisha betri, kisha alternata inayochaji betri, na mwisho pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, ikashushwa na kusafishwa. Kila alipotoka gereji gari lilikuwa zima, kwa sababu hata alipokuwa akilifikisha gereji lilikuwa zima.

Jibu la ile taa lilikuwa na uzito mkubwa. Dizeli ya zamani yenye pampu ya mekanika haihitaji cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda inapata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Ikishawaka, umeme unatakiwa sehemu moja tu, kwenye solenoidi, yaani sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye pampu, inayovuta kizibo ili mafuta yapite. Ukizima ufunguo, solenoidi inakosa umeme, springi inarudisha kizibo, injini inakata. Kwa hiyo ikizima yenyewe, anza kuwaza mambo mawili: mafuta au ule waya mmoja. Mafuta yakipungua au hewa ikiingia kwenye mipira, kwa kawaida injini haikati papo hapo. Inakosa nguvu, inakohoa, inayumba, ndipo inazima. Na ikishazima huku ufunguo uko wazi, taa ya betri na ya oili lazima ziwake, kwa kuwa alternata haichaji tena na presha ya oili imeshuka. Hapa injini ilikata mara moja, na taa hazikuwaka. Umeme wa dashibodi ulikuwa unaondoka pamoja na wa pampu. Taa kubwa na honi, ambazo kwenye gari lile zilipata umeme kutoka kwenye betri bila kupitia swichi ya ufunguo, zilibaki. Betri aliyoibadilisha haikuwa na kosa lolote.

"Tutafute vinapokutana," fundi alisema.

Vilikutana kwenye fyuzi moja. Geji, taa za onyo, solenoidi ya pampu na waya wa kuamsha alternata, vyote vilitoka pale. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima na haikuwahi kuungua, na naamini hilo ndilo lililowapoteza wote waliotangulia. Fyuzi inakatika umeme ukizidi. Waya ulioachia haupitishi umeme mwingi, unapitisha kidogo au haupitishi kabisa, kwa hiyo fyuzi inakaa salama na kila anayeitazama anaruka kwenda kutafuta kwingine. Fundi alinipa mita ya umeme nipime. Betri volti 12.6, kwenye mdomo wa fyuzi, yenyewe ikiwa imechomolewa, volti 12.6. Nilitikisa nyaya zilizofikiwa na mkono, nikagonga boksi la fyuzi kwa mpini wa bisibisi, namba haikucheza.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho nimekuwa nikikifanya tangu siku ile. Alichukua balbu tatu ndogo za wati 5, akaziunganisha na nyaya ndefu, kila moja na fyuzi yake ndogo. Ya kwanza aliifunga kwenye solenoidi ya pampu, ya pili kwenye mdomo wa fyuzi unaotoa umeme, ya tatu kwenye mdomo unaopokea. Upande wa hasi hakuufunga kwenye bodi, aliupeleka wote mpaka kwenye betri, ili ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, isije ikatudanganya. Balbu akazibandika kwa tepu juu ya dashibodi, mbele ya macho yangu, na juu ya kila moja akaandika kwa chaki inatoka wapi.

"Kazi yako ni kutazama hizi tu, dogo. Usitazame barabara. Gari likikata, niambie ipi imezima na ipi imebaki."

Wapo mafundi wanaodharau njia hii wakidhani balbu ni chombo cha asiye na mita. Mimi ningewaomba waijaribu. Mita nzuri inakunywa umeme kidogo sana hata hauhesabiki, kwa hiyo kama hakuna chombo kingine kinachovuta umeme, waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaionyesha volti 12.6 kamili. Balbu inadai umeme wa kweli. Na ukiwa ndani ya gari linalorushwa huku na huku, kusoma namba za mita inayobadilika ni shida, lakini taa iliyozima unaiona hata kwa pembe ya jicho.

Tulitoka, dereva kwenye usukani, mimi kando yake, fundi nyuma. Barabara ilikuwa ileile anayoilalamikia. Gari lilitetemeka mpaka milango ikalia, balbu zikawaka bila kupepesa, nikaanza kuogopa kwamba tutarudi mikono mitupu. Fundi akamwambia dereva apunguze mwendo na apitishe magurudumu ya upande mmoja kwenye kingo ya mtaro. Gari likalala. Balbu zote tatu zikazima kwa pamoja na injini ikanyamaza.

"Zote tatu!" nilipiga kelele.

"Asiguse mtu chochote," alisema. "Kaka, usiuguse ufunguo. Usifungue mlango. Vuta breki ya mkono taratibu, ukae hivyohivyo."

Sauti yake siisahau, ilikuwa ya mtu aliyemkuta mgonjwa wake macho. Gari likiwa na kosa lake ndiyo saa ya thamani, na wengi wetu tunaiharibu kwa kupiga stata au kubamiza mlango. Balbu ya tatu kuzima ilikuwa na maana kwamba umeme haufiki hata kwenye fyuzi, kwa hiyo pampu, solenoidi, geji na kila kilicho mbele ya fyuzi kilikuwa hakihusiki. Ilibaki swichi ya ufunguo na waya unaotoka kwenye swichi kuja kwenye fyuzi. Alijipenyeza kati ya viti na mita mkononi. Waya unaoingia kwenye swichi, volti 12.5. Unaotoka, volti 12.5. Mdomo wa fyuzi, volti 1 na kitu, zikipanda na kushuka. Swichi ilikuwa nzima pia. Kilichobaki hakikufika hata urefu wa mkono: waya uliojificha chini ya usukani.

Dereva, amechoka kukaa amejikunja, akanyoosha mguu. Goti lake likasukuma kifuniko cha plastiki kilicho chini ya usukani, na balbu zote tatu zikawaka.

"Rudisha goti," fundi alisema. Zikazima. "Sukuma tena." Zikawaka.

Alimwacha afanye hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sikumlaumu, maana nami nilitamani aendelee.

Tulifungua kile kifuniko palepale kando ya barabara. Nyuma yake kulining'inia fungu la nyaya limezungushiwa tepu nyeusi, halijafungwa popote, linabembea kila gari linapotikisika. Dereva alilikumbuka. Kiliwahi kufungwa kifaa cha kuzuia wizi, kikaanza kusumbua, kikaondolewa. Aliyekifunga aliukata waya mkuu wa swichi ili kifaa kikae katikati. Kilipoondolewa, ncha mbili zilisokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu.

Fundi hakuikata tepu kwanza. Alichoma sindano za mita upande huu na upande ule wa ule msokoto, umeme ukiwa unapita, akasoma. Msokoto ukitulia ulikuwa unakula volti 3. Akiuvuta kidogo kuelekea kanyagio la kluchi, ulikula karibu zote. Kisha akanionyesha hesabu kwa chaki kwenye ubavu wa gari, kanuni ya Georg Ohm, ile ile ya mwaka 1827, kwamba volti zinazopotea ni ampea mara ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita: vyombo vyote vikivuta ampea 6, na msokoto una ukinzani wa nusu omu tu, zinapotea volti 3. Na ampea 6 mara volti 3 ni wati 18 za joto, ndani ya kifungu cha tepu kisichopata hewa. Joto linaozesha shaba, shaba iliyooza inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Solenoidi iliyokwisha vuta kizibo inaweza kukishikilia kwa volti pungufu, lakini ikishaachia inahitaji nguvu zaidi kuvuta upya. Ndiyo maana gari lilienda vizuri na umeme uliopungua, likikata mara moja likagoma kuwaka.

Tepu ilipofunguliwa ilivutika, gundi imeyeyuka na kuwa nyeusi ya kunata. Ndani shaba ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia iliyokolea. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika, zimegusana tu kwa bahati. Alipozinyanyua kwa ncha ya kisu, chache zilibaki mkononi mwake zikiwa zimevunjika vipande.

Alirudi nyuma kwenye waya mpaka akapata shaba inayong'aa pande zote mbili, akaongezea kipande kipya cha unene uleule ili usivutike. Viungio alivyotumia vilikuwa vya kubana kwa koleo maalumu, halafu mpira wenye gundi ndani unaosinyaa ukipashwa moto. Nilimwuliza kwa nini asilehemu, kwa kuwa kulehemu kulionekana kwangu kazi imara zaidi. Akanieleza kwamba risasi inapoyeyuka inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kwa kipande fulani, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo utakapozikata. Kwenye redio ya mezani lehemu. Kwenye gari la porini bana, na ubane kwa kipimo sahihi. Nimeona nyaya nyingi tangu hapo na nakubaliana naye kabisa. Fungu lote alilifunga kwenye kishikio cha chuma, akaacha ulegevu kidogo ili lisivutwe usukani unapopandishwa.

Tulipima tena kila kitu kikiwa kimewashwa. Kati ya swichi na fyuzi zilipotea volti 0.08. Dereva alitaka kuzibandua balbu kutoka kwenye dashibodi, fundi akakataa, akamwambia apite kwanza njia ileile, kingo ileile ya mtaro, na arudi kwa kasi kwenye ile mikunjo. Tulipita. Hazikupepesa.

Dereva alianza kushukuru na kuaga, lakini fundi alikuwa ameshainama tena chini ya usukani na tochi mdomoni. Alisema aliyekifunga kile kifaa hakuweza kuwa ameukata waya mmoja tu. Tulifuata rangi za nyaya moja baada ya nyingine na tukakuta misokoto mingine miwili ya namna ileile, mmoja kwenye waya wa kuamuru stata, mmoja kwenye taa za indiketa. Ule wa stata tayari ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Tuliikata yote miwili na kuiunga upya kabla hajaondoka.