Tutakula Nini Nchi Ikipumzika? Tafakari ya Walawi 25

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Walawi 25:1–7 na 18–22, ambamo Mungu anawaagiza Waisraeli waiache nchi ipumzike kila mwaka wa saba, wasipande mashamba wala kupogoa mizabibu. Tumezoea kulipita agizo hili haraka, kama sheria ya kale ya watu wa mbali. Nawaomba safari hii tulisome tukiitazama Shinyanga.

Misitu ya Usukumani ilianza kufyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba, ukataji wa kuni na mifugo iliyozidi uwezo wa malisho. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha wengi, wakaacha nyuma ngitili zao, yaani maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila kuguswa, na kuyafungua kiangazi kinapokolea, ng'ombe wa kulimia na ndama wanapokuwa hawana pengine pa kula. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mradi huo ulitegemea zaidi vitalu vya miche, lakini baadaye ukarudi kwenye lile ambalo wenyeji walilijua tayari. Maeneo yakafungwa, na miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini ya udongo, hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerejea.

Sasa tulisikilize swali la aya ya 20: tutakula nini mwaka wa saba? Mungu halikemei swali hilo. Analijua tumbo la mwanadamu, naye analijibu kwa ahadi ya baraka katika mwaka wa sita. Mfugaji anayeyatazama majani mabichi ndani ya ngitili iliyofungwa, huku ng'ombe wake wakianza kukonda nje ya mpaka, anauliza lilo hilo, na kuendelea kwake kusubiri ni tendo la imani lililo gumu kuliko maombi mengi tunayoyatamka ibadani. Tena imani hii hawezi kuwa nayo peke yake. Jirani mmoja akiingiza kundi lake usiku, subira ya kijiji kizima imepotea. Ndiyo maana ngitili zimelindwa kwa sheria ndogo za vijiji, kwa dagashida, yaani mkutano wa kimila wa wanakijiji, kwa sungusungu, yaani walinzi wa jadi, na kwa faini, nami sioni kwamba faini hiyo inapingana na upendo.

Mvua za Shinyanga huja msimu mmoja tu, takriban Novemba hadi Aprili, na inapochelewa kuanza au kukatika katikati, mkulima hana siku za kupoteza. Ng'ombe aliyelishwa kiangazi chote ana nguvu ya kuvuta jembe mara udongo unapolowa. Aliyedhoofika humchelewesha bwana wake hadi msimu unampita. Tunaomba mvua, na ni haki yetu kuomba, lakini mvua kubwa ikinyesha juu ya ardhi tupu huondoka na udongo, ilhali penye nyasi na mizizi maji hupata nafasi ya kuzama.

Aya ya 6 na ya 7 zinataja ni nani watakaokula mazao ya nchi iliyopumzika: mwenye shamba, mtumwa, mjakazi, kibarua, mgeni, mifugo, hata wanyama wa porini. Hapa ndipo moyo wangu unapolemewa zaidi. Ngitili za watu binafsi huwafaa kwanza wenye ardhi kubwa, wakati mjane asiye na eneo lake hutegemea ngitili ya kijiji kwa kuni, uyoga, mboga za porini, dawa na nyasi za kuezekea. Panapozungumzwa kugawanya eneo la pamoja, mzee wa kanisa aliye katika kikao hicho asinyamaze.

Parokia na sharika zetu nyingi zina viwanja na mashamba. Halmashauri zetu na zikutane kabla ya mvua za Novemba, zikubaliane ni sehemu gani ifungwe, ifunguliwe lini, na wasio na ardhi waingie kwa utaratibu gani.